Kosa la Kuitangulia Serikali

Msomaji, nchi ninayoisimulia haifanani na yako hata kidogo, na ukifika mahali ukaona inafanana, tafadhali kohoa kidogo uendelee kusoma. Mimi ni mtumishi wake mwaminifu. Naitwa Shomvi, Karani Daraja la Pili, Kitengo cha Waliokataliwa, Wizara ya Mitambo na Maadili. Kazi yangu ni kupokea majina ya watu ambao mtambo umewakataa na kuyapanga kwa herufi. Nimeifanya kwa miaka saba bila kumsaidia mtu yeyote, na faili langu ni safi.

Nianze na Jumatatu ya uzinduzi, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Waziri wetu, Mheshimiwa Mabruki Ndagalu, ni msomi. Ana shahada nne, na mbili kati ya hizo alitunukiwa akiwa safarini. Siku hiyo alikuja kuzindua Seva ya Taifa, kompyuta kubwa iliyochukua kazi ya seva ndogo ya zamani, ikatiwa kwenye chumba chenye baridi kuliko ofisi ya Rais, ambayo kuanzia hapo kila jambo la Serikali lingepitia kwake: vyeti, leseni, mitihani, hata kufuli za friji za dawa. Asubuhi hiyo hiyo madirisha yote ya kupokelea barua pale Wizarani yalizibwa kwa matofali, ili wananchi wasipate kishawishi cha kurudi nyuma.

Waziri akavuta pazia. Kioo kikawaka, kikaonyesha 09:00.

“Hii ni nini?” akauliza.

“Ni saa, Mheshimiwa,” akajibu fundi mkuu. “Seva lazima ijue wakati.”

“Na sasa hivi ni saa ngapi?”

“Saa tatu asubuhi, Mheshimiwa.”

“Hii inasema ngapi?”

“Tisa, Mheshimiwa. Ndivyo mitambo inavyohesabu. Inaanzia usiku wa manane, sasa ukitoa…”

“Mimi nimekunywa chai saa mbili. Nimetoka nyumbani saa mbili na nusu. Saa tisa watu wanafunga ofisi wanakwenda zao. Mnataka vizazi vijavyo visome kwamba Waziri alifika kazini wenzake wakiwa wanatoka?”

Fundi mkuu akafungua kinywa. Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Kumburu, akamkanyaga mguu kwa kisigino, na fundi akakifunga. Kisha akairudisha saa ya seva nyuma kwa saa sita, ikasoma 03:00. Tukapiga makofi. Waziri akahutubia kwa dakika hamsini kwamba kwa mara ya kwanza tangu uhuru mtambo wa nchi hii unahesabu saa kama bibi zetu walivyohesabu. Seva yenyewe, kwa akili zake za kimashine, iliamini kwamba imezinduliwa usiku mnene watu wamelala, lakini haikuwa kwenye orodha ya wasemaji. Ukutani likapigiliwa bamba la shaba: SEVA HII PAMOJA NA SAA YAKE VIMEWEKWA NA MHESHIMIWA WAZIRI.

*

Sasa niwaeleze habari ya friji.

Katika hospitali ya wilaya ya Mkunguni kulikuwa na Friji la Taifa. Lina mlango wa kioo, ili wananchi waone Serikali inavyowajali, na kufuli ya umeme inayofunguka pale tu Seva ya Taifa inaporuhusu. Pembeni yake huketi mgambo mwenye rungu, asije mtu akakiona kioo akapata mawazo. Ndani ya friji hilo mwezi ule kulikuwa na vichupa mia mbili vya insulini.

Mfamasia wa hospitali ile, Bi. Hidaya Mkombola, alikuwa mwanamke wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa plasta. Kwa kuwa hakupenda kubofya vitufe vilevile kila siku, alikuwa ameandika skripti, yaani maelekezo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Kila siku saa mbili asubuhi skripti ilibisha hodi kwa seva, ikataja jina la hospitali na nywila, ikaandika saa ya ombi, ikaomba friji lifunguliwe. Seva ilipoona jina ni sawa, nywila ni sawa, na saa ya ombi haipishani na saa yake kwa zaidi ya dakika tano, kufuli ililia tik. Habari ya dakika tano iliwekwa ili mwizi asiokote ombi la jana akalitumia leo. Ni busara kabisa, nami sina la kuongeza.

Siku iliyofuata uzinduzi, skripti ilirudi na neno moja: HUJATAMBULIKA.

Bi. Hidaya akaandika nywila upya. HUJATAMBULIKA. Akabadilisha nywila. Akabadilisha waya. Akazima kompyuta, akahesabu hadi mia, akaiwasha. Akaisoma skripti yake mstari kwa mstari, rula mkononi, kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto asiyemwamini. Akatupigia simu. Kitengo changu kikamshauri kwamba pengine skripti yake haina adabu, aanze ombi kwa salamu. Akaanza kwa salamu. HUJATAMBULIKA.

Jumatano mchana ndipo alipoangalia sehemu ambayo hakuna anayeiangalia. Kila jibu la seva huja na muda wake juu kabisa, kama barua inavyokuja na tarehe. Ombi la saa mbili asubuhi lilikuwa limeandikwa 08:00. Jibu lake lilikuwa limeandikwa 02:00. Akatazama saa ya mkononi, akatazama kioo, akacheka mara moja tu, kwa pua.

Kwa kuwa madirisha ya barua yalikuwa matofali, barua yake ililetwa na dereva wa gari la wagonjwa, nami nikaipokea langoni kwa mkono wangu. Ilikuwa fupi kiasi cha kukosa heshima:

“Saa ya seva iko nyuma kwa saa sita. Kuirekebisha ni amri ya mstari mmoja. Nina wagonjwa kumi na mmoja wa sukari na dawa ya siku mbili. Dawa nyingine ninaiona kwenye kioo. Kama saa yenu haiguswi, niruhusuni kwa maandishi niipunguze yangu.”

*

Kikao cha Wizara kilikaa Ijumaa, na kilianza kwa furaha. Katika siku nne seva ilikuwa imekataa maombi elfu nne, mia moja na kumi na mawili kutoka hospitali, shule na mahakama za nchi nzima. Kabla ya hapo ile ya zamani ilikuwa ikikataa matano au sita kwa wiki. Katibu Mkuu Kumburu alifafanua kwamba hao wote walikuwa wavamizi, na kwamba hatukuwa tukijua tunavamiwa kiasi hicho mpaka tulipopata mtambo imara. Waziri akaagiza litengenezwe kombe ajitunuku.

Kisha nikasoma barua ya Mkunguni.

“Rudia hapo,” alisema Kumburu. “Ombi lake limeandikwa ngapi?”

“Nane kamili, mkuu.”

“Na Serikali wakati huo ilikuwa ngapi?”

“Mbili kamili, mkuu.”

“Nane na mbili, ipi iko mbele?”

“Nane, mkuu.”

“Kwa saa ngapi?”

“Sita.”

Nchini mwetu ipo Sheria ya Misafara, na kifungu cha tisa kinasema mwananchi hataipita Serikali mahali popote, kwa chombo chochote. Kilitungwa kwa ajili ya magari yenye ving’ora. Mwanasheria wa Wizara alikisoma mara mbili, akasema haoni kwamba kimetaja barabara.

“Huyu mama ameitangulia Serikali kwa saa sita,” alisema Kumburu polepole. “Na bado anatuomba kibali cha kughushi wakati. Mimi nikikaa hapa sijui mchana huu kutatokea nini. Yeye anajua. Nani amempa?”

Nilinyanyua mkono kusema kwamba labda, kwa heshima zote, saa ya seva yenyewe ingetazamwa. Nikaona watu wote wamegeuka kulitazama bamba la shaba. Mkono ulikuwa umeshapanda, basi nikajikuna nao sikio, nikaurudisha.

Iliamuliwa niende Mkunguni kuchunguza. Nikapewa posho, fomu, na muhuri wa Wizara ndani ya mkoba wa ngozi, endapo kutatokea jambo la kugongwa.

*

Nilifika Jumapili alasiri. Barazani pa hospitali aliketi mwanamke kwenye cherehani, akishona kaptula za shule, na chini ya kiti alikuwa na dumu la maji ambalo alilinyanyua kila baada ya mshono.

“Wewe ndiye wa Wizara,” aliniambia kabla sijamsalimia. “Viatu vyako vimekutangaza. Karibu, kaka. Mimi Mwatumu, mgonjwa wenu.”

“Pole, dada. Wamekulaza?”

“Wamenilaza, nimejilazua. Nina kaptula thelathini za watu, Jumanne shule zinafunguliwa. Nikilala nani atawavika watoto wa watu, seva?” Akanywa maji, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka. “Hebu niambie, huo mtambo wenu unanitaka nini? Nimeukosea nini? Sijawahi hata kuuona.”

“Kuna utaratibu, dada. Muda wa ombi haulingani.”

“Mie fundi. Nguo ikikataa kumwingia mteja, nafumua mshono. Sijaona fundi anayemkata mteja mkono.”

Nikaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa ana maswali.

Bi. Hidaya alinipokea mbele ya friji. Mgambo alisimama, akanipigia saluti, akaketi. Vichupa vilikuwa vimepangwa nyuma ya kioo, safi, vina ubaridi wake, na mwanga mdogo wa bluu juu yao.

“Toka Ijumaa nawagawia nusu dozi,” alisema. “Leo nimetoa robo. Kesho sina. Wengine miili yao inajitahidi kidogo. Mwatumu mwili wake hautengenezi hata tone. Amekwisha anza kutapika, anajificha nisimwone.”

“Unataka nini kutoka kwangu, Bi. Hidaya?”

“Mstari mmoja wa maandishi. Kwamba naruhusiwa kuiambia skripti itoe saa sita kwenye saa yake. Kazi yenyewe ni sekunde kumi.”

“Kama ni sekunde kumi, mbona hukufanya?”

Alivua miwani, akaipangusa kwa koti. “Mfamasia aliyekuwa hapa kabla yangu aliletewa fomu ya dawa imeandikwa tarehe thelathini Februari. Akaisahihisha. Alishtakiwa kwa kubadili tarehe ya Serikali, huu mwaka wa tatu yumo ndani. Nina watoto wawili, Bwana Shomvi. Muhuri unao?”

Muhuri nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa magotini kwangu, na mikono yangu miwili ilikuwa juu ya mkoba.

“Nitampigia Katibu Mkuu,” nilisema.

*

Nilimpigia Jumatatu asubuhi, ofisi zilipofunguliwa. Katibu muhtasi wake alisema bosi yumo kikaoni, wanajadili kombe la Mheshimiwa likae upande gani wa ukumbi.

“Kikao kinaisha saa ngapi?”

“Saa sita.”

“Saa sita ya seva au saa sita ya…”

“Shomvi,” alisema, “usianze.”

Nikarudi wodini. Mwatumu alikuwa kitandani, anahema kwa nguvu na haraka kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyovunda. Mabegani alikuwa bado ana nyuzi za bluu za kaptula.

“Kaka,” aliniita. Ilimchukua pumzi tatu kulimaliza neno. “Kaptula… zimebaki sita. Mwambie mwenye shule… vifungo nimeviweka kwenye kopo.”

“Utazimaliza mwenyewe, dada.”

“Wewe mwongo,” alisema, na nadhani alitaka kucheka. “Unafaa kazi yako.”

Bi. Hidaya alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akimtundikia dripu ya maji. Hakuniomba tena. Alinitazama tu mkoba. Nami nikawaza kwamba kikao kitaisha saa sita, ni karibu tu. Kwamba Katibu Mkuu ni mtu mwelewa akishakula. Kwamba nikigonga muhuri bila idhini nitaulizwa mimi. Kwamba bado miaka minne nistaafu. Nilikuwa na sababu nyingi sana. Sijawahi kuwa na sababu nyingi kama asubuhi ile.

Mwatumu alifariki saa tano. Daktari, kama madaktari wote wanavyoandika, akajaza kwenye cheti: 11:00.

Bi. Hidaya alimfunika. Akamtembelea kila mmoja wa wale kumi waliobaki, akawashika mapaji ya nyuso, akaandika majina ya wawili waliozidiwa kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akaketi, akafungua skripti yake. Nilisimama nyuma yake nikaona kila kitu. Alitafuta mstari wenye saa, mwishoni mwake akaongeza alama ya kutoa na namba 6, akabonyeza. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na skripti ikaiambia seva kwamba ni 06:30. Seva ikajitazama, ikaona ni 06:30, ikajibu kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: KARIBU, HOSPITALI YA MKUNGUNI.

Tik.

Mgambo akapiga saluti kwa mazoea. Bi. Hidaya akabeba vichupa kwa mikono miwili akaenda wodini nusu akikimbia, na wagonjwa wote kumi wakachomwa sindano, na wote kumi wako hai mpaka leo ninapoandika.

Nilimfuata na mkoba wangu ukiwa wazi. Nikamwambia sasa hali imeeleweka, ninaweza kumgongea ule muhuri. Akaniambia niugonge kwenye paji la uso wangu. Sikuugonga popote.

*

Kesi ilisikilizwa mwezi uliofuata, maana wenzetu wa mahakama nao walikuwa wamefungiwa nje ya seva, ikabidi waandike kwa kalamu kama zamani.

Makosa yalikuwa matatu: kuitangulia Serikali kwa siku sita mfululizo; kuacha kuitangulia bila kibali; na hili la tatu, ambalo ndilo lililojaza ukumbi, kusababisha kifo kwa uzembe. Mwendesha mashtaka aliliweka wazi kwa karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye seva: friji limefunguliwa 06:30. Ya pili ilikuwa cheti cha kifo: 11:00. Dawa ilikuwa nje ya friji kwa saa nne na nusu, alisema, na mfamasia huyu akamwacha mama wa watu anakata roho. Ukumbini watu wakaguna. Mtu mmoja akalia. Nadhani ni mwenye shule.

Mimi ndiye niliyekuwa shahidi.

“Bwana Shomvi, kwa mujibu wa kumbukumbu ya Serikali, friji lilifunguliwa ngapi?”

“Sita na dakika thelathini.”

“Na mgonjwa alifariki ngapi, kwa mujibu wa cheti?”

“Kumi na moja kamili.”

“Sita na kumi na moja, ipi inatangulia?”

“Sita.”

Naomba ieleweke kwamba sikusema uongo hata neno moja. Nilisoma kilichoandikwa. Hata mtoto wa chekechea anajua sita huja kabla ya kumi na moja.

Hakimu akamuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Bi. Hidaya alisimama. Miwani yake sasa ilikuwa na plasta pande zote mbili.

“Bwana Shomvi, ulikuwa umesimama nyuma yangu. Friji lilipofunguka, jua lilikuwa wapi?”

Mwendesha mashtaka alipinga papo hapo. Alisema jua si kielelezo kilichopokelewa na mahakama hii, wala halijaunganishwa na seva. Hakimu akakubaliana naye, akaniambia nisijibu. Akaandika kwa kalamu muda wa ushahidi wangu: 10:00.

Basi sikujibu. Lakini jibu nilikuwa nalo. Jua lilikuwa utosini. Nilitoka wodini nikasimama uani, na kivuli changu chote kilikuwa chini ya viatu. Niliona haya siku ile uani na nikaona haya zaidi pale kizimbani, na nimekaa na haya hiyo mpaka sasa, nayo haipungui kama nilivyoambiwa na wenzangu kwamba itapungua.

Bi. Hidaya alifungwa miaka tisa. Kwa kuwa magereza nayo yamo kwenye seva, kumbukumbu zilionyesha alianza kutumikia kifungo saa sita kabla ya kuhukumiwa, na magazeti yaliisifu Serikali kwa huruma hiyo. Watoto wake wawili wanalelewa na dada yake. Hospitali zote nchini zimepewa waraka wa kutoa saa sita kwenye skripti zao, waraka uliosainiwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, aliyeugundua ufumbuzi huo baada ya utafiti wa kina. Saa ya seva haikuguswa.

Mimi nilipandishwa cheo siku ileile ya ushahidi. Nilitoka mahakamani, nikala wali, nikarudi ofisini, na saa saba mchana barua ikachapwa na seva mbele ya macho yangu: Karani Daraja la Kwanza, kwa uaminifu. Nimeitia kwenye faili langu lililo safi, kando ya nakala ya ushahidi. Jana nililifungua nikazisoma zote mbili pamoja kwa mara ya kwanza. Ushahidi umeandikwa 10:00. Barua ya cheo imeandikwa 07:00.

Atakayelifungua faili hilo miaka ijayo, akiwa hanijui wala hajui habari ya saa, atasema karani huyu alilipwa kwanza, ndipo akaenda kusema. Nimetafuta namna ya kumwandikia maelezo ya kumsahihisha. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na sioni alipokosea.